Bega Lililosusa

Jana usiku niliota, na mimi kwa kuota sina mpinzani hapa Muheza. Ndoto zangu zote nazikumbuka mwanzo mpaka mwisho. Hii ndiyo ya kwanza kuota.

Mjue kwamba mume wangu, Baba Mwasiti, alianguka akichuma machungwa, bega la kulia likachomoka. Hospitali wakalirudisha, wakamfunga mkono kwa kitambaa shingoni. Tangu hapo anasema hauinuki kabisa. Uji namlisha mimi. Hilo si neno. Lililoniuma ni kwamba mkono ule ndio mto wangu tangu niolewe, na sasa nalalia mto wa sufi kama mgeni.

Basi katika ndoto naamka, bega halipo. Baba Mwasiti amekaa kitandani, upande mmoja umeteremka kama shati lililoanikwa vibaya.

"Limekwenda wapi?"

"Limesusa," anasema. "Limerudi kwao."

Bega likisusa hufuatwa kama mke aliyesusa: kwa adabu, na doti ya kanga mkononi. Hata daktari alisema bega halivutwi kwa nguvu, hubembelezwa mpaka lilegee. Nikachukua kanga, nikatoka nachechemea, maana kidole gumba cha mguu kina ukucha ulioingia nyamani. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nafungua mlango wa jikoni, natokea chumba cha plasta cha hospitali. Kimetandikwa mkeka. Bi Shingo, mama yake bega, ananikaribisha.

"Karibu, mkwe. Mwenzio yuko nyuma ya pazia. Hali, hanywi."

Nikaketi. "Bega, nimekuja kukurudisha."

"Sirudi. Kichwa chako kizito, mama. Na unakoroma."

"Mimi nakoroma?"

"Kama mashine ya kukoboa."

Nikapitisha kanga chini ya pazia. Ikavutwa kwa ndani.

"Rangi nzuri," likasema.

Hapo ukucha wangu ukadakia. "Muulizeni na mimi alichonitenda."

"Wewe nawe, mbona unaingia nyama za watu?" nikaukemea.

"Ulinikata pembe kwa wembe, ukanifanya mviringo. Ukucha hukatwa mnyoofu. Sasa nimepotea njia, nagonga nyumba nisiyoijua."

Ukaanza kulia. Ukucha ukilia, kidole kinapwita. Nikainama niushike, tumbo likakataa, umri nao ukakataa. Nikabaki nautazama mguu wangu kwa mbali kama mtoto wa jirani.

Pazia likatikisika. "Mama, mbona hukusema unaumwa?"

"Ningemwambia nani? Na wewe hupo."

Bi Shingo akatazama ukutani.

"Leteni maji ya vuguvugu, chumvi na pamba," bega likasema. "Lakini mkono hauwezi kazi bila mimi. Nirudisheni kwanza. Asinivute mtu."

Nageuka, Baba Mwasiti yupo mkekani, mkono unaning'inia. Hatukuvuta. Tuliushika, tukausogeza polepole huku tukiliuliza bega habari za nyumbani: kuku wametaga, bati linavuja? Likajibu, likajibu, likajisahau. Ko. Likaingia.

Mguu ukalowekwa. Ukucha ukainuliwa pembeni, ukawekewa pamba chini yake.

"Ah," ukasema. "Mto." Ukalala.

Nikaamka. Jua lilishaingia dirishani. Kidole hakipwiti. Nikauvuta mguu kwa mikono miwili nikautazama: pembeni mwa ukucha pana kipande cha pamba, kimesokotwa vizuri, kimepenyezwa chini kabisa.

Kando yangu Baba Mwasiti kafumba macho kwa bidii, kitambaa shingoni.

"Baba Mwasiti, nani kanitia pamba kidoleni?"

"Pamba gani?"

"Hii. Mkono mmoja uinue ukucha, wa pili usukume pamba. Mmoja hauwezi."

"Ndiyo uniulize mimi? Mkono wenyewe unaujua ulivyo, Mama Mwasiti. Hata nzi simfukuzi."

"Pole, mume wangu."

"Asante."

Sikumbishia. Nikausukuma ule mto wa sufi ukaanguka chini, nikajilaza upya, nikakisogeza kichwa upande wake. Mkono ukatoka kwenye kitambaa, ukapita juu ya uso wangu, ukajipenyeza chini ya shingo yangu ukatulia, kama ulivyozoea, kabla mwenyewe hajakumbuka kwamba hauinuki.

Tukatazama dari.

"Hata nzi," nikamwambia.