Kivuli cha Mkwaju wa Kilambani

Katika wiki ya tatu ya joto, Wahida alikuwa anawabadilishia njiwa wake maji mara sita kwa siku. Maji aliyomimina alfajiri kwenye makopo, ikifika saa nne yalikuwa tayari kukorogea uji. Jumanne hiyo alikuwa amechutama mbele ya kibanda na kopo la mwisho mkononi, jasho likimchuruzika mpaka kwenye visigino, njiwa waliporudi kutoka Kilambani. Walirudi saa nane mchana, kama kawaida yao. Jike mmoja mwenye shingo ya zambarau, aliyeitwa Kidawa, alitua mchangani, akajikung'uta, na chini ya bawa lake la kushoto kikaanguka kipande cha kivuli.

Kilikuwa kikubwa kama sahani ya wali. Wahida aliangalia juu aone kinatoka wapi, akaona jua tu. Akakiwekea kiganja. Mchanga ulikuwa baridi. Basi akalisogeza kopo likae ndani ya kivuli hicho, akarudi kwenye cherehani yake, kwa kuwa kulikuwa na gauni la harusi lililokuwa linangojewa na watu wasio na subira.

Kijiji hicho kilikuwa kipya, mwendo mfupi kutoka barabara ya Mute. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, zote kimo kimoja, zote zimeezekwa bati, na hapakuwa na mti uliomzidi mtu mzima urefu. Watu wake walikuwa wametolewa Kilambani, pwani, miaka mitatu nyuma, mradi ulipoihitaji pwani ile. Uzio ulijengwa, geti likawekwa, na tangazo likabandikwa kwamba hakuna wa kuingia bila kibali. Njiwa hawakusomewa tangazo.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa la Wahida mwenyewe, na wenzake hawakuchoka kumkumbusha. Walikuwa watatu waliofuga njiwa kwa kupenda tu: yeye, Mwalimu Dauto aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, na Anuar aliyetengeneza simu kwenye kibanda cha barabarani. Walikutana Jumanne na Jumamosi kutazama ndege, kila mmoja akiwasifia wa kwake na kuwatoa kasoro wa wenzake kwa adabu. Hapakuwa na faida yoyote ndani yake, na majirani waliwacheka waziwazi, watu wazima na ndevu zao wanashinda kubishana juu ya mkia. Sasa, kila mfugaji anajua kwamba njiwa aliyehamishwa hufungiwa siku arobaini asahau alikotoka. Wahida alikosea hesabu akafungua siku ya thelathini na tisa. Tangu hapo njiwa wake walilala kijiji kipya, lakini kila asubuhi walikwenda Kilambani na kurudi saa nane, kama watu wenye kazi ya ofisini.

"Siku moja tu, Wahida," Mwalimu Dauto alipenda kusema. "Siku moja ndiyo iliyotuharibia."

"Mwenda kwao si mtumwa," mama yake Wahida alijibu kutoka ndani, na mjadala ukaishia hapo.

Jumamosi vipande vilikuwa vimefika thelathini na kitu. Njiwa walivikung'uta bila mpango, lakini vilipotua vilisogeleana vyenyewe, kila kimoja kikatafuta mwenzake wa kushikana naye. Mwalimu Dauto alitoa daftari lake la mistari, akachomeka vijiti kwenye ukingo wa kivuli, akaketi kungoja. Baada ya saa moja aliandika kwamba kivuli kinalifuata jua kama kivuli chochote chenye akili timamu. Baadaye kikaanza kutikisika, madoa ya mwanga yakachezacheza juu ya mchanga, ingawa hapo kijijini hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha unyoya.

"Kilambani kuna upepo," alisema Mwalimu Dauto, akaandika hilo pia.

Anuar alileta kipimajoto. Juani alisoma arobaini na moja.

"Kivulini, temperatura ishirini na nane, Dada Wahida," alisema. "Mimi naomba kidogo cha njiwa wangu. Makinda yanakufa."

Akapewa. Alikichota kipande kwa beseni, akakifunika kwa kitambaa, akaenda nacho mpaka kwake. Alipofunua alikuta beseni limejaa kitu cheusi kilichotulia vizuri tu. Alipokimwaga chini kikapita katikati ya miguu yake, kikavuka uwanja wa mpira, kikarudi mahali pake kwa Wahida. Njiwa wa Anuar wenyewe hawakuleta chochote. Walizaliwa kijiji kipya. Asubuhi walizunguka juu ya mabati mara mbili tatu, wakatua tena, kwa kuwa hawakuwa na kwao pengine.

Mama Chamima, mama yake Wahida, alikuwa amezidi miaka themanini. Joto lilipoanza alihamia sakafuni, akalala juu ya saruji amejifunika khanga iliyoloweshwa, na khanga ikikauka alimwita Wahida ailoweshe tena. Wiki ile wazee wawili wa kijiji walikuwa wamekufa kwa joto. Walizikwa kwenye makaburi mapya, kwenye udongo mwekundu uliochimbwa kwa sururu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wahida aliogopa. Alikuwa akiacha kushona katikati ya mshono, akasikiliza kama mama anapumua, kisha akaendelea.

Aliogopa kufiwa, na aliogopa pia kitakachofuata. Mama Chamima alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani. Mumewe, mzee Ussumane, alizikwa Kilambani chini ya mkwaju nyuma ya nyumba yao, na yeye alitaka kulazwa pembeni yake. Walipohamishwa waliahidiwa kwamba makaburi hayataguswa, na kwamba ule mkwaju umeandikwa katika orodha ya miti ya kuhifadhiwa. Wahida alipeleka ombi la maziko. Ofisini walimwambia fomu ni ya marehemu, na mama yake bado hajatimiza masharti. Akaomba ipokelewe hivyo hivyo. Ilipokelewa. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu siku hiyo, na kila alipouliza aliambiwa linashughulikiwa.

Jumapili, Wahida na Mwalimu Dauto walimbeba mama kwa mkeka wakamtoa nje, kivulini. Kisha akanyoosha mkono, akafuata kwa kidole mahali ambapo mwanga ulipenya kama dirisha.

"Tawi hili alilikata baba yako," alisema. "Lilikuwa linakwaruza paa. Nilimwambia asilikate lote, akalikata lote. Huu mkwaju wangu."

Wahida alisema ndiyo, yeye pia alikuwa ameanza kufikiri hivyo. Mwalimu Dauto aliandika jina la mti.

Kuanzia siku hiyo Mama Chamima alishinda nje. Alikula uji, akaomba papa mkavu wa kuchoma, akalalamika kuwa hana chumvi, na Wahida akafurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Majirani nao walikuja. Walipiga hodi, wakaketi ukingoni na vikapu vyao vya ukili, wakasuka na kusengenya. Wengine hawakukubali kulala usingizi pale, maana kivuli cha mkwaju kina wenyewe. Waliketi wima, macho wazi, lakini waliketi. Jumatatu Kidawa alileta kipande chembamba kilichosimama peke yake upande wa kibla. Kilikuwa kivuli cha kibao cha kaburi. Mama Chamima aliomba mkeka wake usogezwe karibu nacho, akalala ubavu, kama alivyokuwa amepanga kulala siku zote.

Jumatano alikuja Senhor Januário, ofisa aliyeletwa kutoka Inhambane, mbali kusini, kushughulikia mambo ya kijiji kipya. Alikuwa mtu mpole, mwenye leso iliyolowa na mafaili chini ya kwapa, na alikuwa amesikia habari. Alikitazama kivuli, akauliza kama kuna pingamizi, akaketi humo. Alisema kwao kuna minazi mingi. Alikula papa, akashukuru kwa Kiswahili alichojifunza karibuni, akaandika kwenye faili: kivuli kipo, kinatumika. Kuhusu ombi la Mama Chamima alisema litapata jibu, kwa kuwa mti umehifadhiwa na kaburi lipo mahali pake, na yeye mwenyewe hakuona tatizo. Alipoondoka, Mama Chamima alimwombea dua.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi, kivuli kilitikisika kutoka chini.

Mwalimu Dauto ndiye aliyeona kwanza. Upepo huanza na majani, na majani yalikuwa yametulia. Kilitikisika tena, kikatulia, kikatikisika mara ya tatu. Kisha kivuli chote kikaegemea upande wa magharibi, polepole, halafu haraka. Kikavuka uwanja, kikapanda ukuta wa nyumba, kikapita juu ya bati, kikashuka upande wa pili. Hapakuwa na sauti yoyote. Kuku waliendelea kuchakura. Kilipokwisha kushuka kilikuwa kimelala ardhini, kirefu, kimevurugika, na katika muda wa saa moja kikapungua tawi baada ya tawi, kila tawi likitoka kwa mkato ulionyooka. Kibao cha kaburi kilibaki na kivuli chake peke yake mpaka adhuhuri. Baada ya adhuhuri nacho hakikuwepo.

Njiwa walirudi mapema siku hiyo, saa tano. Chini ya mabawa yao mlikuwa na unga wa mti, mwekundumwekundu, ukinuka ukwaju. Wahida aliupangusa kwa kitambaa, ndege mmoja baada ya mwingine, na machozi yalimtoka na hakuyazuia.

"Wameukata," alisema.

"Inna lillahi," alisema Mama Chamima. Akaomba arudishwe ndani.

Mwalimu Dauto aliandika barua usiku ule ule. Hakutia chumvi. Aliweka tarehe, saa, vipimo vya vijiti, joto la kabla na la baada, na mchoro wa namna kivuli kilivyoanguka. Anuar aliipiga picha kwa simu, na asubuhi Wahida akaipeleka ofisini, pamoja na unga wa mti kwenye kibahasha. Aliuliza mambo mawili tu. Kama mkwaju upo. Na kama haupo, kaburi la baba yake liko wapi ili mama yake ajue pa kuzikwa.

Senhor Januário alikuja Jumamosi saa saba mchana. Hakumtuma mtu, alikuja mwenyewe, na Wahida alilitambua hilo. Alikuwa amebeba ramani iliyokunjwa mara nane. Akaikunjua mezani, nje ya mlango, wote wakainama kuitazama: uzio, geti, barabara ya malori, na mahali palipokuwa nyumbani kwao, alama ndogo ya kijani.

"Mti huu hapa," alisema. "Árvore a preservar, mti wa kuhifadhiwa. Upo."

"Kivuli kimeanguka, Senhor Januário," alisema Mwalimu Dauto.

"Nimesoma, senhor professor. Siwezi kukataa. Kivuli nilikikalia mwenyewe." Alifuta shingo. "Kivuli kuanguka nimekiandika, na daftari lako nimeliambatanisha. Ila mti kuanguka siwezi kuuandika, kwa sababu kwenye ramani umesimama."

"Basi twende tukautazame," alisema Wahida.

"Inahitajika guia, kibali cha kuingia."

"Tupe hiyo guia."

"Zona imefungwa. Kuna kazi inaendelea."

"Kazi gani?"

Senhor Januário aliitazama alama ya kijani. Ilionekana kwamba angependa kujua.

"Hilo hatukuandikiwa," alisema.

Mama Chamima alikuwa amesikia yote kutoka sakafuni. Alijikokota mpaka mlangoni, akaegemea mwimo, akavuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuweza kusema. Ofisa alisimama kwa heshima.

"Mwanangu," alisema Mama Chamima, "ombi langu nalo?"

"Limekubaliwa, Mama. Nimekuja nalo. Bado kujaza mahali." Alitoa fomu, akaisoma taratibu huku akijitahidi kutafsiri. "Mahali pa maziko: chini ya mkwaju, Kilambani, kando ya marehemu mume."

"Na mkwaju upo."

"Upo, Mama."

"Kama upo," alisema Mama Chamima, "usijazie hapa penye joto la bati. Nenda kaketi chini yake."

Alionyesha uwanjani. Mwalimu Dauto aliinua kiti, akakibeba mpaka katikati, mahali vijiti vilipokuwa bado vimechomekwa kwa duara, akakiweka. Mchanga ulikuwa unawaka. Senhor Januário alikitazama kiti, akaitazama ramani, akaikunja. Hakuwa mtu mbaya. Alikwenda akaketi.

Aliandika kwa muda mrefu, maana fomu ilikuwa na kurasa tatu na alitaka kuijaza sawasawa. Jasho lilidondokea karatasi, wino ukavuja, akaupuliza, akaendelea. Leso aliiweka kichwani. Hakuna aliyemcheka. Anuar alishika kipimajoto mkononi bila kukisoma, na njiwa wote walikuwa wamejipanga kwenye kivuli chembamba cha ukingo wa kibanda chao.

Mama Chamima alimtazama mpaka alipofika ukurasa wa pili. Kisha akamgeukia binti yake.

"Wahida," alisema, "mpelekee mgeni maji. Ataugua."