Kucha Zinazokwenda Maguu

Jumamosi ile Mama Kunigunda alipofika Mbinga mjini kutoka kijijini Maguu kwa mara ya mwisho, binti yake Restituta alikuwa amekwisha kubandika kucha sita. Ilikuwa Julai ya mwaka 1996, saa nne asubuhi, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati. Restituta aliketi mkekani katika chumba chake cha kupanga, mikono juu ya stuli. Zamda, jirani wa chumba cha pili, alikuwa amemshika mkono wa kushoto kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba.

"Tulia, shoga. Gundi hii ikishika pabaya tutakukata kidole."

"Wewe hesabu tu."

"Nilikuwa nahesabu. Umenikatiza, naanza upya."

Kila kucha ilitakiwa ikandamizwe mpaka hesabu ya thelathini. Pakiti ilitoka dukani kwa Kombo, baba yake Zamda. Tangu biashara ilipofunguliwa nchini, duka la Kombo lilijaa vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza: saa zenye kikokotoo, sabuni zenye harufu ya matunda yasiyoota Mbinga, na sasa kucha za kubandika, kumi kwa pakiti, rangi ya damu ya mzee.

Restituta alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kampuni mojawapo ya zile zilizokuja kununua kahawa baada ya ushirika kulegea. Kucha zake mwenyewe zilikuwa fupi na nene, zimepasuka pembeni. Kabla ya taipureta zilikuwa zimefukia ngoro miaka kumi na miwili. Ngoro ni mashimo yanayochimbwa mteremkoni ili mvua isiondoke na shamba, na mwanamke aliyelelewa kwenye ngoro hutambulika kwa mikono kabla hajataja jina.

Mchana huo alitegemea wageni. Mama Luisa, shangazi yake Damiano, alikuwa anapanda kutoka Mbamba Bay kuja kumtazama msichana kabla barua ya posa haijaandikwa. Damiano alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko ziwani. Restituta alikuwa amemwambia kwamba mama yake naye ni mwalimu, Songea. Lilikuwa jambo dogo lililosemwa njiani, wakitoka kanisani. Restituta alilala nalo usiku mmoja, na asubuhi hakuona pa kuanzia kulirudisha.

Mama Kunigunda alibisha hodi akiwa na kiroba cha maharage mapya kichwani. Alivaa kitenge cha kanisani na sweta ya marehemu mumewe. Viganja vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye vifundo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kumenya kahawa, na weusi ule hautoki kwa sabuni. Aliitazama mikono ya binti yake juu ya stuli, akauliza kwa Kimatengo kama ameumia vidole.

"Hajaumia, mama," Zamda alisema, maana aliielewa ile sura. "Anajipamba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Zitatoka?"

"Akitaka zitatoka."

Mama Kunigunda aliketi. Zamda alikuwa amechoka vidole, kwa hiyo kucha nne zilizobaki zilikandamizwa na Mama Kunigunda mwenyewe, kwa dole gumba lake jeusi, akihesabu polepole kwa Kimatengo. Hakuruka hata tarakimu moja. Alipomaliza alikipuliza kila kidole, kama alivyofanya zamani Restituta alipojikata na mundu.

Wageni walipata gari la mapema. Walifika saa tano kasoro, Mama Luisa na binti yake, na Restituta akasikia sauti yao uani kabla hajapata la kumwambia mama yake. Walikaribishwa, wakaketi kitandani. Mama Luisa alikuwa mtu mkunjufu, mnene, mwenye macho ya kupenda watu. Alizitazama kucha, akatabasamu. Kisha akamtazama yule mwanamke aliyekaa chini na kiroba.

"Na mama huyu ni nani, tumsalimie?"

"Huyu huniletea maharage," Restituta alisema.

Zamda aligeuka akatazama ukuta.

Mama Kunigunda hakukawia. Aliinuka, akaliweka sawa pindo la kitenge begani, akaacha Kimatengo na kushika Kiswahili chake cha sokoni, kile cha kuwaita watu wasiomjua.

"Karibuni wateja. Maharage ya ngoro haya, ya Maguu, hayasumbui jikoni. Mama, nikupimie?"

Mama Luisa alifurahi. Alitaka kibakuli kimoja, akaishia kuchukua yote. Mama Kunigunda alipima kwa kibakuli cha Restituta, akijaza mpaka kilima, na kila mara akiongeza ukufi wa juu. "Hii ya kuonja," alisema. "Na hii ya watoto." Alipokea alichopewa bila kukitazama, akakunja kiroba kitupu, akaaga.

"Haya, kwaherini wateja wangu. Na wewe dada, pole na vidole."

Restituta alijibu, "Asante, mama." Ni neno ambalo mtu humwambia mwanamke yeyote. Mama Luisa aliuliza habari za mama mwalimu, akaambiwa yuko Songea, shule hazijafunga.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, Restituta alikuwa akipiga chapa orodha ya magunia pale kucha zilipobanduka. Ilianza ya kidole kidogo cha kushoto, kisha nyingine kwa zamu, bila maumivu. Zilishuka kwenye mashine, zikavuka meza kwa mstari, zikateremka mguu wa kiti.

"Kucha zako zinatoka," alisema Othmar, mpokea wageni.

"Naziona."

"Nizifungulie mlango?"

"Zitapita chini."

Zilipita chini. Othmar alisogea dirishani akaona zikipanda lori la kwenda Maguu kufuata kahawa. Dereva, aliposimulia baadaye, alisema hakuzidai nauli kwa kuwa hazikuchukua nafasi ya mtu.

Saa kumi na moja jioni zilirudi. Zilikuwa na utelezi wa maganda ya kahawa, na zilinuka kama ndoo iliyolala na buni usiku kucha. Restituta aliziosha katika beseni, nazo zikarudi kila moja kwenye kidole chake na kushika bila gundi. Alikuwa bado anakausha mikono pale kaka yake Methodi alipoingia uani, amevua kofia. Mama yao alikuwa amefariki asubuhi ile, akichuma kahawa kwenye mbuni wa mstari wa tatu, kikapu kikiwa nusu.

"Saa ngapi?" Restituta aliuliza.

"Saa tatu. Kikapu kimemaliziwa kujaa, lakini si na sisi." Methodi alizitazama kucha, akaelewa, akainamisha kichwa kushukuru. Kisha akasema, "Jumamosi alirudi amefurahi. Alisema amewauzia wageni wako maharage yote. Alisema ni watu wazuri, tusije tukawaharibia."

Restituta aliomba ruhusa ofisini. Kwa Damiano alituma ujumbe kwamba anakwenda kijijini kwa kazi ya kampuni.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Alifika Maguu na kucha zake kumi, akaificha mikono ndani ya khanga. Alikuwa amejiandaa kutazamwa. Hakuna aliyemtazama vibaya. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi walimpisha njia, na aliponyoosha mkono kuchukua kisu, shangazi yake Edina alikiondoa upesi.

"Wewe kaa, mwanangu. Mama yako alituambia umeumia vidole. Pole sana."

"Pole na vidole," akasema mwingine.

Walimpa pole mbili siku ile, ya mama na ya vidole, na hawakumpa kazi yoyote. Mama yake alioshwa na wengine. Maji yalichotwa na wengine. Kaburini alitupa udongo kama watu wote, udongo ukaingia chini ya kucha, na tangu siku hiyo haukutoka, hata kwa brashi.

Baada ya hapo kucha zilishika ratiba. Kila siku ya kazi, saa tatu, ziliteremka zikaenda Maguu. Zilichuma kahawa ya Mama Kunigunda mpaka msimu ukaisha. Zilipalilia. Mwezi wa tatu, Methodi alipokata majani na kuyapanga mraba mraba juu ya mteremko, kucha zilifukia udongo juu yake na kupanda maharage. Watu waliokuwa wakipita njiani walizisalimia. Ofisini Restituta alipiga chapa kwa kucha zake fupi, na meneja alisema makosa yamepungua.

"Kijiji kinakusifu," Methodi alimwambia siku moja alipokuja mjini. "Wanasema Resti hakumsahau mama yake, amezituma kucha."

"Sikuzituma."

"Najua."

"Waambie basi sikuzituma."

"Waambie wewe. Lori lipo kila siku. Kucha zinajua njia na hazina hata miguu."

Restituta alisema atakwenda kahawa ikipungua ofisini. Ilipungua. Hakwenda.

Posa ililetwa, ikapokelewa na Mama Ottilia, mwenye nyumba, kwa niaba ya mama aliyekuwa Songea. Kabla ya ndoa Restituta alikwenda parokiani kuandikisha nia ya misa kwa ajili ya marehemu. Katekista alishika kalamu.

"Jina?"

"Kunigunda."

"Ni nani wako?"

Nyuma yake kwenye benchi alikaa Damiano, akisubiri zamu yao ya mafundisho ya ndoa, daftari magotini. Alinyanyua uso. Haukuwa uso wa mtu mkali. Angeambiwa pale, labda angecheka, labda angenyamaza mpaka jioni na kesho yake wakaendelea. Restituta alikuwa na pumzi ya kutosha. Aliitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa saa nane, vidole vilikuwa vitupu.

"Jirani," alisema.

Katekista aliandika jirani. Misa ilisomwa hivyo, na Damiano alitoa sadaka kwa moyo, kwa sababu alipenda tabia ya mchumba wake ya kuwakumbuka watu wadogo.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi. Kucha zilikuwa hazijapata kwenda kazini Jumamosi, na Restituta alizitegemea. Saa tatu ziliteremka ngazi za kanisa, zikapishana na kwaya ikiingia. Alivaa glavu. Kiti cha mama wa bibi harusi kilikaliwa na Mama Ottilia, kwa gauni la kukodi, na watu walimsifu kwa kulia vizuri. Methodi hakuja. Alituma salamu kwamba ni msimu.

Kucha zilirudi jioni, keki ikiwa imeshakatwa. Kila moja ilibeba punje moja ya haragwe, kama kijiko kidogo kinavyobeba sukari. Zilizimwaga kwenye sahani mbele yake, punje kumi, zikarudi vidoleni.

"Zawadi ya nani hiyo?" Mama Luisa aliuliza.

"Ya Maguu."

"Enhe! Ya yule mama! Kumbe mnawasiliana. Mbona haji siku hizi? Maharage yake yale, mwanangu, nilipika nusu saa tu. Na mkono ule! Alinipimia kama ananipimia ndugu yake."

"Nitamuulizia, shangazi," Restituta alisema.

Hiyo ni miaka kumi sasa. Restituta anaishi Mbamba Bay, katika nyumba ya mwalimu iliyo karibu na ziwa, pamoja na Mama Luisa ambaye miguu imemchoka. Ameacha kazi ya taipureta. Kampuni ile ilifunga, ikaja nyingine, nayo ikafunga. Rangi ya damu ya mzee haijapauka. Kutoka ziwani mpaka Maguu ni mbali na barabara ni ya kupanda, kwa hiyo kucha huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Mama Luisa huziwekea ubao kizingitini ili zisijikwae.

Mwaka huu tu, akiwa na ufagio mkononi, ndipo alipouliza, "Hivi hasa zinakwenda kwa nani?"

Damiano alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Ziwa lilikuwa limetulia. Restituta alikuwa akipepeta mchele.

"Kwa yule mama wa maharage. Alifariki."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Maskini. Hakuwa na watoto wa kumlimia?"

Restituta aliutikisa ungo, akatoa chuya, akatoa na jiwe.

"Yupo wa kiume," alisema.

"Basi mnafanya vyema," Mama Luisa alisema, na akaendelea kufagia.

Kila Ijumaa jioni kucha hufika na punje kumi. Restituta huzitia punje kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati, na kopo likijaa huzipika. Mama Luisa husema kwamba maharage yale huiva upesi. Restituta huosha kucha kwenye beseni, udongo hubaki pale pale chini yake, kisha hukaa na wengine wakala.