Karo la Mama

Fundi Pindo hakupenda kuambiwa hawezi. Mwambie suruali aliyokushonea imepinda mguu, ataichukua na kuinyoosha bila maneno. Lakini mwambie kazi fulani si ya kwake, basi umemchokoza, na ataifanya mbele ya macho yako hata ikimtoa jasho la damu. Jina la Pindo walimbandika wateja, kwa sababu pindo za nguo zake zilikuwa hazifumuki. Alilipenda jina hilo kupita kiasi, na mimi nasema ndilo lililomponza.

Aliishi na mke wake na mama yake katika nyumba iliyojengwa na marehemu baba yake, vyumba vitatu na jiko la uani. Mama alikuwa mfupi, mfupi kweli. Sinki la kununua lilimfika kifuani, na kila akiosha vyombo maji yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Basi marehemu, ambaye alikuwa dereva wa lori na wala hakuwahi kushika mwiko wa mwashi, akamjengea karo la saruji la kuoshea vyombo, la chini, la kimo chake, pembeni ya kabati. Lilikuwa limepinda upande mmoja na maji yalikawia kutoka. Mama aliosha vyombo hapo tangu akiwa bibi harusi mpaka akawa mjane. Watoto wake, Pindo na dada yake, wakiwa na jambo zito la kukiri, walisubiri awe na povu mikononi, maana mtu mwenye povu mikononi hawezi kukuvuta sikio.

Sasa uzee ulikuwa umeingia. Kupika walimwondoa, kwa kuwa alikuwa akisahau moto. Kufua walimwondoa kwa sababu ya mgongo. Vikabaki vyombo, na hivyo hakutaka mtu aviguse. Mkimaliza kula, kabla hamjanawa vizuri, yeye keshakusanya sahani na kuelekea jikoni, na baada ya muda mtamsikia akiimba kwa sauti ya chini huku vijiko vikigongana.

Tatizo lilikuwa macho. Siku moja Pindo alirudi kutoka kibandani kwake mapema, akamkuta mke wake anaosha sahani zilizokuwa zimeshaoshwa.

"Si mama ameosha hizi?" aliuliza.

"Ameosha," mke wake alijibu polepole. "Lakini pitisha kidole hapa. Mafuta bado yapo. Huwa nangoja aende kupumzika, ndipo nazirudia."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nimwambie nini, baba watoto? Nimwambie mama mkwe wangu haoni?"

Hapo ndipo lingesemwa neno moja, neno la kawaida kabisa, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini wote wawili walimwonea mama aibu, wakapiga kimya. Pindo akakaa siku kadhaa akilifikiria jambo hilo huku akikanyaga cherehani, na akadhani amepata dawa. Angenunua mashine ya kuoshea vyombo. Mama angepumzika kwa heshima, sahani zingetakata, na hakuna ambaye angeambiwa neno. Alifurahia wazo lile kama mtoto aliyeficha zawadi chini ya kitanda.

Dukani walimwambia watatuma fundi wa kuifunga. Akakataa. Nyumbani mke wake naye akamwomba amwite fundi bomba.

"Na mimi ni nani?" Pindo aliuliza.

"Wewe ni fundi nguo."

"Fundi ni fundi."

"Haya," mke wake alisema. "Ikimwaga maji, utaikunjia pindo."

Kabla ya kununua alikuwa ameshapima nafasi iliyokuwepo kati ya kabati na karo, ambapo zamani walikuwa wakiweka ndoo. Alipima kwa ule utepe wake wa shingoni, ule wa nguo, na nafasi ikatosha. Sasa ule utepe ulikuwa na siri yake. Ncha yake ya mwanzo ilikatika zamani, ikaenda na vidole viwili vya vipimo. Kibandani haikumsumbua. Akimpima mteja kifua au kiuno, mkono wake wenyewe ulikuwa ukitoa vile vidole viwili bila hata kumuuliza. Lakini mkono uliozoea viuno vya watu haukukumbuka kufanya hivyo mbele ya kabati.

Siku mashine ilipoletwa, mama alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani aliyelazwa. Walitaka arudi aikute tayari. Pindo akaivua maboksi, akaisukuma, ikagoma. Akaigeuza kidogo, ikagoma. Akaupima mwanya tena, utepe ukamwambia mashine inaingia. Akatoa jasho. Akaushika utepe, akaitazama ile ncha, ndipo akakumbuka. Nafasi ilipungua vidole viwili.

Angeweza kuirudisha. Angeweza kuiweka barazani na kuita seremala apunguze kabati. Lakini mke wake alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, na ingawa hakusema kitu, Pindo alimsikia akisema kila kitu. Mwanamume akaamua kufa na tai shingoni.

"Hili karo halina kazi tena," alisema. "Mashine ikiwepo, karo la nini?"

"Baba watoto, mngoje mama."

"Limepinda, linaziba kila wiki. Namfanyia hisani."

Akachukua nyundo na patasi. Alikusudia kukata ule ukingo wa pembeni tu, lakini saruji ya dereva wa lori haikujua kukatwa nusu. Ukingo ulipotoka, na sakafu ya karo ikapasuka. Sakafu ilipopasuka, na upande wa pili ukalegea. Mwisho wake akalibomoa lote, akatoa vifusi kwa ndoo hadi uani. Nyuma ya karo, ukutani, palikuwa na mstari mfupi mweusi. Yeye ambaye kutwa anachora alama kwa chaki juu ya vitambaa vya watu aliuona mstari ule akadhani ni masizi. Akaupangusa kwa kitambaa kibichi pamoja na vumbi, ukuta ukawa safi.

Kazi iliyobaki, tuseme haki, aliifanya vizuri. Alifunga maji ya nyumba nzima, akaunganisha koki mpya kwenye bomba, akayazungushia meno yake ya kukazia ile tepu nyeupe nyembamba ya kuzuia maji kwa uangalifu wa mtu anayetia lasi kwenye gauni la harusi. Mpira wa kutolea maji machafu akaupandisha juu kwanza kabla ya kuushusha, ili uchafu usirudi ndani. Akaazima pima maji kwa jirani, akazungusha miguu ya mashine mpaka kile kiputo kikatulia katikati. Kisha akaiwasha, akapiga magoti na tochi, akichungulia kila kiungo. Haikuvuja hata tone.

"Umeona?" alimwambia mke wake.

"Nimeona," mke wake alisema, lakini alikuwa anatazama pale palipokuwa na karo.

Mama aliporudi walimpeleka jikoni. Alisimama akiangalia lile boksi jeupe, kisha akaangalia pembeni yake, kisha sakafuni, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Karo langu liko wapi?"

"Huna haja nalo tena, mama," Pindo alisema kwa furaha. "Sasa wewe ni kula na kupumzika. Hii inaosha, inasuuza, inakausha. Sikia inavyonguruma."

Mama akasikiliza. Akaupitisha mkono juu ya mashine, taratibu.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki."

Pindo akayachukua maneno yale kama yalivyo. Wanaume tuna masikio ya ajabu.

Baada ya hapo, wakimaliza kula, mama alikuwa akiinuka kwa mazoea, anafika mlangoni mwa jiko, anasimama. Mkwewe anapanga sahani ndani ya mashine. Mama anauliza, "Nisaidie nini?" Anajibiwa kwa upendo, "Kaa tu, mama." Basi anarudi kukaa tu. Ule wimbo wake haukusikika tena. Alianza kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiugua. Siku moja alichukua kikombe chake cha chai, akakisuuza kwa maji ya kunywa uani, akakiweka chumbani kwake, na tangu siku hiyo kikombe hicho hakikurudi jikoni.

Kisha akasema anakwenda kumsalimia binti yake, dada yake Pindo, upande wa pili wa mji. Alifunga nguo chache. Wiki zikapita. Pindo akipiga simu, dada yake anamwambia mama hajambo, yuko jikoni. Akipiga tena, yuko jikoni.

Mwishowe akapiga moyo konde, akamfuata. Kwa dada yake kulikuwa na watoto lukuki na vyombo kama vya shughuli. Alimkuta mama amesimama juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mikono ndani ya sinki, povu hadi kwenye viwiko. Mjukuu wake wa kike alikuwa pembeni akisuuza na kumsimulia habari za shule. Mama alikuwa anaimba. Pindo akasimama pale mlangoni, na wivu ukamshika, wivu wa kumwonea dada yake kwa ajili ya sinki la vyombo vichafu.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Kwani mimi mzigo?" mama alisema bila kugeuka. "Karibu. Umekula?"

"Utaanguka hapo juu. Na mikono yako itaharibika."

"Mikono ni yangu."

Mjukuu akaona mambo ya wakubwa yameanza, akaondoka. Pindo akajikaza.

"Mama, tuliinunua kwa sababu ya macho yako. Sahani zilikuwa zinabaki na mafuta. Tuliona aibu kukwambia."

"Nilijua," mama alisema. "Macho ndiyo mabovu, masikio mazima. Nilikuwa nasikia bomba likifunguliwa kila nikienda kulala. Nikawa nangoja siku moja mke wako aje asimame pembeni yangu, mimi nioshe, yeye asuuze, kama hivi. Ningempisha kwa moyo mweupe. Hakuja. Ikaja mashine."

"Nitalijenga upya lile karo," Pindo alisema.

"Utakijuaje kimo? Baba yako alinisimamisha ukutani, akachora mstari kwa mkaa hapa, kiunoni. Mafuta ya lori mikononi, anacheka. Karo lilipoisha, mstari ukabaki nyuma. Alikataa kuufuta. Alisema likibomoka, atakayelijenga ataona alama."

Pindo angeweza kudanganya, na mama asingejua maisha yake yote. Lakini mama alikuwa na povu mikononi.

"Nimeufuta, mama. Nilidhani ni masizi."

Mama aliacha kusugua. Maji yalikuwa yanatoka bombani na hakuna aliyeyafunga. Kisha akashuka kwenye kreti kwa uangalifu, akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama wima ukutani kama mteja.

"Basi nipime."

Pindo akauvua utepe shingoni. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akapima toka kiunoni hadi sakafuni, na safari hii akatoa vile vidole viwili. Alikuwa amepima nusu ya mji. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpima mama yake. Nguo zake alimshonea kwa kukisia, akasema mama ni mama, namjua.

"Nimepungua?" mama aliuliza.

"Umepungua kidogo."

"Unaona? Hata lile la zamani lilikuwa limeshanizidi. Usijitie uchungu."

Alisema vile kumliwaza, na Pindo alijua, maana karo lile lilimfaa mpaka asubuhi ya mwisho. Laiti angemtukana. Mama akapanda tena kwenye kreti, akaendelea na sufuria.

Pindo alirudi, akaivuta mashine, akaiweka barazani na kuifunika shuka. Ilikuwa bado haijavuja. Akamwita mwashi, safari hii hakubisha, wakajenga karo la chini, lililonyooka, maji yanatoka mara moja. Mke wake akaweka ndoo mbili pembeni, moja ya kuoshea, moja ya kusuuzia, akasema yeye atasimama pale.

Mama alikuja siku ya mapumziko. Alivaa nguo ya kutokea. Wakampeleka jikoni, akaupitisha mkono kwenye ukingo wa karo.

"Limenyooka kuliko la baba yako," alisema. "Ahsanteni sana, wanangu."

Kisha akarudi sebuleni, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani. Hakuuliza chumba chake kikoje. Wakala, wakacheka kidogo, mama akasifu mboga. Alipomaliza, Pindo na mke wake wakangoja, hata kijiko hawakukigusa, ili ainuke yeye kwanza kama zamani. Mama akanawa, akaiweka sahani yake pembeni ya meza, mahali ambapo mgeni huiacha, akaushika tena mkoba wake.

"Mmenikirimu sana," alisema. "Itabidi niwahi, watoto wa dada yako wananingoja."

Mke wa Pindo akainamisha uso. Pindo akaichukua ile sahani, akaenda nayo jikoni. Karo lilikuwa chini mno kwake, ikabidi ainame mpaka mgongo ukamuuma, akaiosha, kisha akaisuuza, kisha akapitisha kidole kuangalia kama mafuta yametoka.