Siku Radi Alipokaa Kimya

Barabara ilipoishia ndipo mji ulipoanzia, na mji ulipoishia ndipo ilipokuwa shule. Waliompanga mwalimu mpya kule walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka. Walimpa barua yenye muhuri, wakamwambia nyumba ataikuta. Nyumba hakuikuta. Alichokikuta ni fundi cherehani mmoja, mwanamke mpana mwenye ulimi mwembamba, aliyemtazama yeye na sanduku lake, akasema, "Ingiza mzigo huo ndani, mwanangu. Serikali ikileta nyumba tutahamia wote."

Basi akaishi nyuma ya cherehani. Kitanda chake kilizungukwa na magunia ya vipande vya vitambaa, na asubuhi aliamshwa na mguu wa Mama Fundi ukikanyaga mashine. Walikula sahani moja. Hakuna barua iliyoagiza hivyo.

Darasa lake lilikuwa nusu ya darasa. Kilikuwa chumba kimoja kirefu, kimekatwa katikati kwa ukuta wa plaiwudi usiofika juu: upande huu darasa la pili, upande ule darasa la sita. Siku ya kukizindua, mkubwa mmoja alikata utepe, akapigiwa makofi, akasema ukuta ule ni wa muda tu. Muda huo sasa una wajukuu. Watu husahau mambo kama haya, ndiyo maana hufanyiwa tena.

Upande ule alifundisha mzee aliyeitwa Radi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kumezwa na sauti yake. Ujanani aliwaongoza walimu wenzake kudai kuta za matofali, akahamishiwa huku ili anyamaze. Hakunyamaza. Alikuwa ameapa mbele ya kinyozi, mbele ya muuza mkaa, mbele ya yeyote aliyefanya kosa la kukaa kitako karibu naye, kwamba mkaguzi atakayetia mguu shuleni pale ataelezwa habari za ukuta ule mpaka masikio yaote kutu. Lakini wakaguzi hawakuwa wakija. Njia mbovu, na kiti kizuri.

Mwalimu mpya akiuliza, "Mbili na tatu?" watoto wake walijibu kwa pamoja, "Moyo husukuma damu!" Waliitikia sauti iliyowafikia. Akapandisha yake. Radi naye, akisikia kelele upande wa pili, akapandisha yake zaidi. Kila mmoja aliamini mwenzake anamfanyia makusudi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini hapa aliyeumia alikuwa tembo mdogo. Mwaka ulipofika katikati, mwalimu mpya alifungua kinywa asubuhi moja awaamkie watoto, ukatoka upepo mtupu.

"Usiongee," tabibu wa zahanati alimwambia baada ya kummulika koo. "Hata kunong'ona usinong'one. Ukibisha, sauti hiyo itakwenda moja kwa moja."

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu, mtu mpole aliyecheka kila alipoogopa, akamletea habari huku akicheka. Mkaguzi anakuja. Mwaka wa kwanza wa mwalimu ni wa majaribio. Mkaguzi akiridhika, anathibitishwa kazini, asiporidhika, anarudi kwao. Na kwao kulikuwa na mama aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mwalimu, na wadogo zake waliongoja yeye awasomeshe.

Alirudi nyumbani akalia bila sauti, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Mama Fundi alisimamisha mashine.

"Marehemu mume wangu nilimwendesha kwa jicho tu," alisema. "Nikimtazama hivi, anakaa. Nikimtazama hivi, ameshachukua ndoo. Na yule alikuwa mtu mzima mkaidi. Watoto wadogo watakushinda?" Akamwaga gunia sakafuni, akachagua, akashona bendera tatu na kuzitia vijiti. Nyekundu: someni. Buluu: andikeni. Njano: mmoja asimame awaeleze wenzake.

Watoto waliipenda kazi hiyo kama mchezo. Na kwa kuwa mwalimu hakuweza kuwasomea, walisoma wenyewe, na kwa kuwa hakuweza kuwasahihisha kwa mdomo, walisahihishana. Wale waliokuwa wakijificha nyuma ya sauti yake hawakuwa tena na pa kujificha. Kilichobaki kuwatoa njiani kilikuwa kimoja: kila Radi aliponguruma, vichwa vyote viligeukia plaiwudi, na bendera ikabaki inapepea bure.

Jioni moja Radi mwenyewe akabisha hodi.

"Siku hizi sisikii kitu upande wako," alimwambia mwalimu. "Nikadhani umehama."

Mwalimu alichukua kibao chake cha chaki akaandika: Karibu, Mwalimu.

Mama Fundi akamsomea mgeni. "Anasema wewe ndiye uliyemuua."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anasema tena ukae mbali na kiti kile, kina sindano."

"Shemeji, mimi najua kusoma," Radi alisema. Mume wa Mama Fundi alikuwa rafiki yake, na utani ule waliurithi kwake. Aliketi, akaelezwa yote: koo, tabibu, mkaguzi. Aliposikia neno mkaguzi, macho yakamwaka.

"Anakuja kweli? Huyo nina maneno yake. Nimemwekea."

"Mwekee," Mama Fundi alisema, naye safari hii hakutania. "Utanguruma, atakasirika, kalamu yake itamwangukia mwanangu. Wewe utakuwa umesema. Huyu atakuwa amefungasha."

"Kwa hiyo ninyamaze tena? Maisha yangu yote naambiwa ninyamaze."

"Mimi sijakwambia unyamaze. Nimekwambia kitakachotokea."

Radi alitazama bendera zilizoegemezwa ukutani. Akaaga, akaondoka. Hakuahidi kitu.

Mkaguzi alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana, suruali imepigwa pasi hadi mkunjo ukakata kama kisu.

"Huyu ndiye asiyesema?" alimuuliza mwalimu mkuu. "Mwalimu bila sauti ni mpishi bila jiko." Mwalimu mkuu akacheka. Mkaguzi akaketi nyuma, magoti yamegusa kidevu kwenye dawati la mtoto.

Mwalimu aliinua bendera nyekundu. Watoto wakasoma. Akainua ya njano. Akasimama binti mmoja mwenye pengo, akaeleza hadithi waliyoisoma, akaharibu mwisho wake, wenzake wakamrekebisha. Muda wote huo mwalimu alikuwa akingoja radi ipige. Aliingoja mwilini, kama mtu anavyongoja kofi. Haikupiga. Upande wa pili palisikika kalamu tu zikikwaruza karatasi. Alidhani mzee hakuja kazini. Alisogea ukutani, akachungulia kwenye tundu la msumari uliong'oka.

Radi alikuwa ameketi wima mbele ya darasa lake, midomo ameibana, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za ndoo ya kisimani. Ubaoni ameandika kazi ya kipindi kizima, na chini yake: Atakayetaka kukohoa, akakohoe nje.

Mwalimu aliinua bendera ya buluu. Aliishika juu kuliko zile mbili.

Baadaye mkaguzi akavuka upande wa pili. Kila neno lilipita juu ya ukuta, kama kawaida yake.

"Mzee, mbona umekaa kama mgeni wa harusi? Hufundishi?"

Mwalimu alishika ubao wa plaiwudi kwa viganja vyote viwili. Fomu yake ya kuthibitishwa ilikuwa bado haijatiwa saini, na yeye alilijua hilo, na Radi alilijua.

"Nafikiri umechoka. Nitapendekeza upumzishwe."

"Ndiyo, bwana," ikasema sauti ambayo watoto wa darasa la pili hawakuitambua.

Kisha mkaguzi akagonga plaiwudi kwa vidole. "Na ukuta huu mnaoulalamikia kwa barua kila mwaka, kumbe hauna ubaya. Nimekaa kule sikusikia chochote toka huku. Nitaandika kwamba unatosha."

Mwalimu mkuu akacheka. Radi hakusema neno.

Gari lilipoondoka, mwalimu alimkuta mzee nje, kwenye ngazi, akifuta chaki ambayo haikuwapo mikononi.

"Umethibitishwa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Vizuri sana, binti." Alitazama vumbi la gari. "Maneno yale ninayo tangu hujazaliwa. Nimeyachonga, nimeyanoa. Leo yalikuwa hapa." Akagusa koo. "Na sasa ukuta unatosha. Shahidi ni mimi mwenyewe."

Mwalimu aliandika kwenye kibao: Asante. Akaliona dogo, akalifuta. Akafikiri, kisha akaandika: Nipe mimi.

Radi alisoma, akasoma tena. "Utayaweza? Ni mazito."

Akaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo mzee alikuja jioni nyingi kwenye kile chumba cha cherehani, akamwaga alichokiweka: nani alikata utepe, nani aliahidi matofali, matofali yale yalijenga uzio wa nyumba ya nani. Mwalimu alisikiliza na kushika kwa moyo. Mama Fundi alipunguza pale palipozidi, kama anavyopunguza gauni.

"Toa hilo tusi, shemeji. Huyu ni binti wa watu."

"Hilo ndilo tamu lake."

"Basi libaki, ila lipindwe kwa ndani."

Mwaka uliisha kwa mkutano wa walimu wote wa wilaya, wakubwa wamekaa mbele kwenye viti vyenye mito. Sauti ya mwalimu ilikuwa imerudi, lakini haikurudi nzima. Ilikuwa nyembamba, yenye ufa, kama mlango unaodai mafuta. Aliipenda hivyohivyo. Asubuhi ile iliporudi, kabla ya kulitumia neno jingine lolote, alikuwa amempa Mama Fundi "asante" yake ya kwanza ya kusikika, na mama yule akajifanya ameingiwa na uzi jichoni.

Radi alikuwa amekwisha kustaafishwa, ila alikuja, akaketi nyuma kabisa. Kando yake alikaa Mama Fundi, ambaye hakuwa mwalimu wala hakualikwa, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Ilipofika zamu yake, mwalimu alisimama. "Ukuta wa shule yetu hautoshi," alianza. Mkubwa mmoja alikuwa akitazama simu. Mwingine alipiga miayo.

Toka nyuma ikapasuka ngurumo iliyogeuza ukumbi mzima.

"Sauti, Mwalimu! Huku hatusikii."

Mkubwa akaweka simu chini. Mwalimu aliachia tabasamu, akavuta pumzi mpaka tumboni, akaanza upya toka neno la kwanza.