Pipa la Joshoni

Lori la mahindi lilikuwa limekwisha kukiacha kijiji cha Kate. Otilia alikaa juu ya magunia, amejifunika kitenge mpaka vidoleni. Nilimsindikiza mimi kwa sababu mumewe, Isdori, aligoma kupanda. Kijiji kilikwishakata shauri: asirudi bila karatasi ya daktari ya kuonyesha kwamba hajaroga mtu.

Otilia alikuwa mpika pombe ya ulezi. Desturi ya pale, mpikaji hunywa kwanza, watu wakimtazama, waone kwamba hakuweka sumu. Alikunywa hivyo miaka minne. Kisha kifua na mgongo vikaanza kuwa vyeusi kupita kawaida, na ndani ya weusi ule vikatoka vidoa vyeupe, kama vumbi lililopigwa na manyunyu. Viganja vikaota sugu ngumu kama punje za mahindi. Leonsi, mteja wake wa kila siku, akatania kwamba mama amegeuka kanga. Wakacheka. Halafu wakaanza kusema sumu aliyowategea wenzake imemrudia mwenyewe.

Pipa la kulowekea ulezi nililileta mimi. Nilikuwa nachunga ng'ombe wa Msukuma mmoja, Masalu, kule bondeni Muze. Serikali ilipoyaacha majosho, kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nikabeba pipa la dawa ya zamani ya kuogeshea ng'ombe, lina ukoko mweupe chini. Nikalisugua kwa mchanga na majivu, nikampa Isdori kwa wema wake wa kunilaza nilipohamia Kate.

Sumbawanga, daktari alivitazama viganja, akauliza vyombo anavyotumia. Nikamweleza habari ya pipa. Akasema ni sumu ya dawa ile, imemwingia kidogo kidogo, na ngozi haitarudi ilivyokuwa.

"Basi niandikie hivyo hivyo, baba," Otilia akasema. "Niwaonyeshe."

Akaandika.

Tulipotoka nje aliniuliza, "Shemeji, ulilisugua kweli?"

"Nililisugua."

"Na mimi nililisugua."

Kijijini mwalimu aliisoma karatasi mbele ya watu wote. Waliposikia neno sumu, hawakusikia lingine. Wakasema hata daktari ameiona. Nikasimama nikasema kosa ni la pipa, na pipa ni langu. Wakaniuliza mbona wao walilewa pombe hiyo hiyo na ngozi zao ni safi. Kwamba yeye alitangulia kila chungu, na kuonja tangu kinapikwa, jibu hilo lilinijia baadaye, nikiwa njiani peke yangu.

Otilia alihamia Mollo kwa dada yake, Redempta. Sugu moja ya kiganja ikawa kidonda, hakikupona, akafa mwaka elfu mbili na moja. Isdori alioa mke mwingine. Leonsi naye alitoka vidoa; hakuna aliyemwita mchawi. Masalu alihamisha ng'ombe wake kwenda Chunya. Pipa Isdori aliliuza mnadani, na aliyelinunua hakuna anayemjua. Mimi nililiulizia katika minada mitatu, kisha nikaacha.