Mgongo wa Mkwe

Daktari alimwambia Stanislas Mukendi, karani wa ofisi ya mgodi pale Kolwezi, kwamba kiti na mashine ya kuchapa vitamzika kabla ya siku zake. Atafute mchezo wa nje. Basi mwaka ule wa 1956, klabu ya makarani ilipopata mashua za makasia kwenye ziwa la bwawa, Mukendi akawa mwanafunzi wa kwanza. Jumapili chache tu, na kifua kikawa kimeshajaa majivuno.

Wakati huo mama mkwe wake, Mama Ngalula, alikuwa amefika kwa treni kutoka Kasai. Tshiela, mke wa Mukendi, alikuwa na mimba, na mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mama yake abaki mpaka mtoto azaliwe. Mama alikuwa bado hajasema ndiyo.

Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Wakilazimika kusemezana, hupeana mgongo. Mukendi alilijua hilo tangu utotoni, lakini alitaka mama huyo aone kwamba binti yake ameolewa na mtu. Jumapili iliyofuata akawapeleka ziwani.

"Ingia tu, mama," Tshiela alisihi, naye akabaki ufukweni na tumbo lake. Mama Ngalula akaketi nyuma ya mashua, macho chini.

Mtumbwi wa kwao mtu huupiga kafi akitazama aendako. Mashua ya makasia sivyo: mvutaji hutazama alikotoka, yaani anamkabili abiria wake. Na Mukendi alikuwa hajawahi kubeba abiria. Alipoinua macho, mama mkwe huyo hapo, magoti kwa magoti, na Mukendi amevaa kaptula. Kila akipeleka makasia anamsogelea, akivuta magoti yanafunguka. Mama akajifunika uso kwa kitambaa.

Angeweza kugeuka. Mashua ingeyumba kidogo, basi. Lakini makarani wenzake walikuwa wakitazama pamoja na mzungu wa klabu, na wiki nzima alikuwa amejigamba. Akaogopa kuchekwa, mpumbavu yule.

"Mama, usione haya," alisema, usoni kabisa, akieleza kwamba ndivyo watu wanavyokaa humo. "Mu mashua banaikalaka hivi."

Mama akainuka ili ageuke yeye. Mashua ikalala ubavu, maji yakaingia, na Mukendi akapiga ukelele uliofika nchi kavu: "Ikala chini, we mwanamuke!"

Makarani wakacheka. Kisha wale wa Kasai kati yao wakanyamaza, na kimya chao ndicho kilichomuumiza. Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Kesho yake Mama Ngalula alifunga mizigo. Mbuzi aliyeletewa kuombwa radhi alimwacha akilia uani. Kwenye stesheni, Mukendi alisimama chini ya dirisha la behewa, akampa mgongo kama inavyompasa mkwe, akaomba msamaha kwa sauti mbele za watu. Safari hii hakujali nani anacheka. Nyuma yake akasikia magurudumu yakianza kuzunguka.

"Amesema nini?" akamuuliza Tshiela, aliyekuwa bado anaitazama treni.

Tshiela alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Alijifunika uso tu," akasema. "Huo mugongo, baba, ungemupa kule ku maji."

Wakarudi nyumbani kwa miguu, Mukendi akiwa nyuma, kwa kuwa hakuweza kumtazama usoni.