Mwenye Zamu ya Nne

Vaidotas alipokea wageni wa kila aina kwenye shamba lake la kupangisha, na wote aliwatisha. Mtu katoka mjini Kaunas, kalipia utulivu, msitu huku, ziwa kule, simu kaiacha kwenye kikapu cha jikoni isimsumbue. Sasa huyo asipotishwa kidogo, akirudi mjini atasimulia nini?

Jumamosi ile wageni walikuwa Jolita na binti yake Ugnė, wa miaka tisa. Walikuwa mezani wanakula supu baridi ya bitiruti na viazi vya moto.

"Bafu la mvuke ni lenu leo," Vaidotas akaanza. "Mtajichoma mvuke, mtajitosa ziwani, mtarudi. Mara tatu. Zamu ya nne si yenu."

"Ya nani?" Ugnė akauliza.

"Ya mwenyewe. Bibi yangu alikuwa anamwachia ndoo ya maji ya mwisho, na jina lake hakulitaja."

Hapo alisema kweli. Bibi yake alikuwa akiacha ndoo. Yaliyofuata aliyapika mwenyewe, mwaka wa kumi na moja sasa anayaongeza chumvi.

"Akiwakuta mmechelewa, anagonga. Anaita kwa sauti yangu hii hii. Anasema kuna hatari, tokeni. Msifungue. Ukifungua, anaingia yeye, na wewe hutoki."

"Na kama ni wewe kweli, mjomba?"

"Mimi sigongi. Mimi nipo kwenye mashua yangu natoa samaki."

"Na akisema hayo yote ulitudanganya?"

"Hapo ndipo umjue kabisa ni yeye."

Genutė, mkewe, akatua sufuria mezani kwa kishindo. "Mtoto wa watu huyo. Utani wako hauna breki, mzee. Ipo siku utakugeukia."

"Wageni wanapenda."

"Wageni wanakuonea haya."

Jolita alikuwa anacheka. Kilichomshughulisha yeye ni jambo moja tu: bati la kuzibia bomba la moshi lifungwe saa ngapi, joto lisipotee?

"Hilo msiliguse," Vaidotas akasema. "Makaa yakiwa bado yana mwali wa bluu, bati halifungwi. Liacheni wazi, joto litawatosha."

"Usinifundishe jiko. Mimi nimelelewa na bibi, kijijini Žemaitija. Kila jioni tulifunga."

Vaidotas akayachukulia kuwa maneno ya mezani, akajipakulia kiazi kingine.

Saa kumi na nusu alitia kuni za mwisho kwenye jiko la bafu kwa mkono wake. Saa kumi na mbili kasorobo alikuwa katikati ya ziwa, anavuta wavu, jua la Juni bado kali utadhani ni mchana. Alikuwa anamnasua sangara mdogo kwenye uzi alipoinua macho kuelekea ufukweni. Bafu lile pale, paa lake la mbao, bomba lake. Juu ya bomba hewa ilitakiwa kutetemeka. Haikutetemeka. Misonobari nyuma yake ilisimama wima kama misumari.

Bati limefungwa. Na makaa yale hayawezi kuwa yamezima. Hayawezi.

Samaki aliyekuwa mkononi alimponyoka asijue. Watu wa maziwa haya wote wana mtu wao aliyeingia bafuni asitoke. Jirani wa ng'ambo walimkuta amekaa, mashavu mekundu kama katoka kucheza harusini. Ile hewa ya makaa haina harufu, haina moshi, haikohozeshi mtu. Inambembeleza tu.

Akashika makasia. Ubaya wa makasia ni kwamba unakokwenda unakupa mgongo. Alivuta huku akiangalia wavu wake unabaki nyuma, na kila baada ya mivuto mitatu akageuza shingo kutazama bomba. Hakuna. Akavuta. Hakuna.

Mashua ikagonga gati. Akakimbia, akauparamia mlango.

"Jolita! Fungua!"

Akagonga kwa ngumi mbili. Akapiga kelele za kumwita Genutė, lakini nyumba ilikuwa mbali, juu ya kilima, na saa hizi Genutė huwasha redio.

Kisha ndani, chini kabisa karibu na sakafu, sauti ndogo ikasema, "Siyo wewe."

"Ugnė, ni mimi, mjomba Vaidotas. Mama yuko wapi?"

"Amelala juu. Haamki." Maneno yalitoka polepole, kama ya mtu anayesinzia. "Kichwa kinaniuma."

"Nyanyua komeo, mwanangu. Hewa ya humo mbaya. Ni hatari."

"Ulisema atasema hatari."

"Nilidanganya. Niliyatunga mimi, yote."

"Na hilo ulisema atalisema."

Akaegemeza paji la uso mlangoni. Mwongo mzembe huacha tundu la kutokea. Yeye alikuwa ameziba matundu yote, moja baada ya jingine, huku anatafuna kiazi. Na komeo lile alilichonga mwenyewe, la mwaloni, nene kama kifundo cha mkono, ili watu wa mjini wajisikie salama.

"Ugnė, ongea na mimi. Yule jogoo tulimpa jina gani jana?"

"Yeye anajua kila kitu," mtoto akasema.

Baada ya hapo hakusema tena.

"Ni mimi, Vaidotas!" akaita, na jina lake mwenyewe likamtoka mdomoni kama anamwita mtu mwingine. Akarudi gatini, akachukua kasia, akalipiga dirisha. Lilikuwa dirisha dogo kando ya mlango, mkate mmoja tu ungepita, na kioo chake ni cha tabaka mbili. Pigo la kwanza, la pili. La tatu likatoboa. Joto likamtokea usoni kama pumzi ya mnyama. Akachomeka mkono mpaka begani, kioo kikimchana, akapapasa kutafuta komeo.

Maji ya moto yakamwagika mkononi mwake.

Alipiga yowe, na Mungu anajua, katika yowe lile kulikuwa na furaha. Anayemwaga maji yu hai. Kata ya pili ilikuja na maji kidogo, nusu yakamwagika njiani. Ya tatu haikuja. Akasikia kata ikianguka kwenye mbao.

Vidole vilivyoungua vilikataa kufumba. Akalisukuma komeo juu kwa kigasha. Likakwama. Akasukuma tena.

Mlango ukafunguka. Ugnė alikuwa amekaa chini ya dirisha, macho wazi, hamwoni mtu. Vaidotas akambeba mpaka kwenye majani, akavuta pumzi moja kubwa, akarudi. Jolita alikuwa benchi la juu, mwekundu mashavuni. Alimburuta kama gunia, kichwa chake kikigonga benchi mara moja, akamlaza kando ya mtoto. Akasikiliza. Pumzi ilikuwepo, butu, kama msumeno wa zamani.

Genutė aliteremka mbio baada ya kuona kutoka kilimani mlango wazi na watu wamelazwa kwenye majani, simu mkononi, tayari anaongea na watu wa gari la wagonjwa. Kabla gari halijafika, Jolita akageukia upande, akaitapika supu yote ya bitiruti kwenye viatu vya Vaidotas. Miaka kumi na moja, hakuwahi kupokea kitu cha mgeni kwa shukrani namna ile.

Ugnė, kafunikwa shali la Genutė, alimwona akija na kikombe cha maji. Akarudi nyuma. Akautazama mkono wenye malengelenge.

"Huyu ni nani?" akamuuliza Genutė.

Genutė akamwangalia mumewe, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ni yeye mwenyewe," akasema. "Hatuna mwingine."

Hata hivyo, kikombe kilibidi kipite mkononi mwa Genutė ndipo mtoto akakipokea.

Siku ya tatu walipiga simu kutoka hospitali: wote wawili watapona, Jolita anauliza kuhusu viatu. Mchana huohuo Vaidotas alijifungia bafuni na bisibisi, mkono umefungwa bendeji, akaling'oa komeo. Parafujo ya mwisho ilikuwa kiganjani mwake mlango ulipogongwa.

"Vaidotas. Fungua, ni mimi."

Sauti ilikuwa ya Genutė. Alijua ni ya Genutė. Akabaki amekaa, komeo mapajani.

"Mzee, unanisikia? Mikono yangu imejaa."

Yule wa zamu ya nne naye angesema hivyohivyo, Vaidotas akawaza. Hivyohivyo kabisa.

Mlango usio na komeo ukasogea wenyewe taratibu. Genutė akaingia na ndoo ya maji, mikono miwili, akampita, akaitua kwenye kona ile ambako bibi yake Vaidotas alikuwa akiacha yake. Vaidotas hakuuliza ya nani.